Majina ya Tanga kwa Hisani ya Hoza

Siku ya kwanza kazini sikupewa simu wala waya. Nilipewa mtaimbo. Mkaguzi wa Njia, mtu mfupi mwenye kofia ya jua iliyochakaa, alinionyesha alama ya chokaa kando ya barabara ya kwenda Pangani akasema, "Hapo. Shimo likufike kiunoni. Ukikuta mwamba, usije kuniambia umekuta mwamba." Nilikuta mwamba. Sikumwambia. Jioni nguzo ilisimama na viganja vyangu vilikuwa vimechunika. Nalitaja hili mapema ili anayesoma ajue anasoma maneno ya mtu wa aina gani. Shule niliishia darasa la nne, kule Muheza, baba alipoachishwa kazi kwenye shamba la mkonge. Vyeti sina. Nilianza na mgongo, akili nikaongeza njiani, na hapana mtu wa kuniambia alinipa.

Kazi ya njia ilikuwa hivi. Simu moja inataka nyaya mbili, tukiziita jozi. Jozi inatoka nyumbani kwa mtu, inapita juu ya nguzo ikiwa imefungwa kwenye kikombe cha kaure, inaingia katika kabati la mtaa, lile sanduku la chuma mlilozoea kuliegemea mkisubiriana, halafu inashuka ardhini mpaka mitamboni. Simu ikifa, fundi anapanda nguzo na simu ya majaribio, anaibana jozi kwa vibanio, anasikiliza. Sasa ukisikiliza utasikia mambo. Nilipopandishwa kuwa msaidizi wa fundi, nguzo yangu ya kwanza ilikuwa Raskazone, na huko juu nikamsikia mke wa mkubwa mmoja akimshushua mkubwa mwenyewe. Nikashuka nacheka.

"Unacheka nini?" Mkaguzi akauliza.

"Bwana Mkaguzi, nimesikia..."

"Hukusikia. Umesikia laini nzima au laini mbovu. Fundi wa simu hana masikio ya kitu kingine. Kesho ukija na masikio, rudi nayo kwenu Muheza."

Basi nikafanya kazi miaka mingi bila masikio. Nilimaliza ufundi mdogo, nikawa fundi kamili, nikapelekwa Korogwe, nikapelekwa Pangani, nikarudishwa Tanga mjini kwa Mhandisi wa Mkoa. Ilikuwa miaka mibaya. Sabuni kwa foleni, unga wa njano kwa foleni, na simu nayo kwa foleni. Mtu aliomba laini akiwa kijana akaipata ana wajukuu. Nyaya za shaba zilikatwa usiku zikageuka bangili. Vipuri havikuwapo, kwa hiyo tulifufua simu moja kwa viungo vya tatu zilizokufa. Aliyekuwa na simu aliandikwa kwenye kitabu cha simu, jina na namba na mtaa anaokaa, na kitabu kilikuwa juu ya kaunta ya posta kila mtu akifunue. Walikuwapo waliokuja ofisini kuomba wasiandikwe. Karani mmoja aliwahi kumwuliza mama mmoja kwa nini anajificha, Mhandisi wa Mkoa akatoka chumbani kwake akamwambia karani, "Kitabu ni cha kupigiana simu, si cha kuwindana. Mfute." Akafutwa. Mambo yalikuwa mepesi namna hiyo. Anayetaka kutoonekana anakuja, anasema, anafutwa.

Kisha mageuzi yakaja. Shirika letu likapasuliwa, likapigwa rangi mpya, likauzwa kipande, na sisi wa mtaimbo tukaambiwa tumepunguzwa. Wenzangu walinunua ng'ombe. Wengine walinunua pombe. Mimi nilifungua kibanda cha mtandao Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, kompyuta chache za mitumba na laini niliyoivuta mwenyewe. Binti yangu mkubwa, Rehema, alikuwa amesomea kompyuta, akawa ndiye mikono yangu. Watu walikuja kuwaandikia watoto wao walioko Uarabuni na Ulaya, na baada ya muda wakaanza kuja na ombi jingine: wanataka jina.

Jina la mtandaoni wataalamu wanaliita kikoa. Ni kama namba ya simu, ila unajichagulia mwenyewe. Na humiliki milele. Unalipia mwaka, ukiisha unalipia tena, usipolipia linarudi sokoni na yeyote anaweza kulichukua. Anayekuandikisha anaitwa msajili. Mimi nilikuwa wakala wa msajili wa Dar, na kwa Tanga nzima nilikuwa peke yangu. Nilimwandikisha mwenye nyumba ya wageni ya Raskazone. Niliwaandikisha wafugaji wa vipepeo wa vijiji vya Amani, wanaouza viwavi waliojifunga kwenye vifuko kwa Wazungu, jambo ambalo mpaka leo sijalielewa. Niliandikisha kwaya ya Kilutheri, na shule moja ya Pongwe, na wauza samaki.

Fomu ya usajili inauliza mwenye jina ni nani, anwani yake, simu yake. Hapa ndipo watu wa Dar walipokuja kushindwa kunielewa, kwa hiyo nieleze. Kwetu, zamani, sanduku la posta lilikuwa na watu wachache: mwenye duka, mwalimu mkuu, karani wa shamba, padri. Wengine wote tulipokea barua kwa hisani yao. Bahasha inaandikwa jina lako, kisha "kwa hisani ya fulani", kisha sanduku la fulani. Fulani anachukua, hafungui, anakuletea au anakuita. Mwenye sanduku anajulikana na serikali, mwenye barua anajulikana na mwenye sanduku, na mambo yanakwenda. Basi fomu ya jina ilipouliza mwenyewe ni nani, mimi nikaandika Hoza, sanduku langu, simu yangu. Kwa wote. Sikuona kosa na silioni sasa. Wateja walishukuru, maana nusu yao hawakuwa na sanduku, na robo hawakutaka kujulikana wana biashara.

Mmoja alishukuru kuliko wote. Huyu ni Bi Raya, mwanamke wa Pemba aliyekuwa anakaa Pongwe na mwanawe wa kike, Salma. Alikuwa akipika sabuni ya mafuta ya nazi na karafuu. Aliiita Kikuba, kama yale maua ya harufu wanayojifunga wanawake wa pwani, na kila kipande alikifunga kwa ukindu uliosukwa. Wageni wa Raskazone waliinunua, wakaipeleka kwao, wakaanza kuiagiza. Alipokuja kutaka jina alisimama mlangoni kwanza, akaangalia nyuma, ndipo akaketi.

"Baba Hoza, jina n'nalitaka. Langu mimi lisitokee pahala."

"Litatokea la sabuni."

"La sabuni sawa. La Raya hapana. Mtalaka wangu hajui nilipo. Mamaake alitaka mtoto akifika miaka saba wamchukue wamlee wao, nami nikavuka naye akiwa na sita. Wakijua nilipo watakuja kumchukua."

"Niandike langu?"

"Andika lako. Mungu akuweke."

Nikaandika. Ndiyo yote aliyokuwa akiyaogopa yule mama, na alinieleza mwenyewe bila kuficha: kumpoteza Salma.

Sasa sikieni fujo ilivyoanza. Siku moja mke wangu alirudi kutoka kwenye shughuli Chumbageni, akaweka mkoba chini, hakuvua hata viatu.

"Hoza, ile nyumba ya wageni ya Raskazone una nani ndani?"

"Nyumba gani?"

"Usinifanye mtoto. Shemeji ya Mama Tunu yuko chuo Dar, ametazama kwenye kompyuta, ameona mwenyewe jina lako na sanduku letu. Kumbe ulipata kiinua mgongo ukajenga hoteli, mimi nalala kwenye godoro la pamba la mwaka wa njaa."

"Mama Rehema, mimi sina hoteli."

"Na shule?"

"Shule ipi?"

"Ya Pongwe. Na vipepeo. Mwanamume mzima unaficha vipepeo."

Nilicheka, naye akaona nacheka kama mtu mwenye hoteli. Ilibidi Rehema aje kutuamua. Ndipo nilipoijua hu-izi kwa mara ya kwanza. Ni huduma iliyoko wazi mtandaoni, na jina lake kwa Kiingereza maana yake nani huyu. Unaandika kikoa chochote, inakujibu: mwenyewe ni fulani, anakaa pahala fulani, simu yake hii, amelipia siku fulani, na litakufa siku fulani. Hailipiwi. Haiulizi wewe ni nani unayeuliza. Rehema alinionyesha, akaandika moja, jina langu likatokea; akaandika la pili, jina langu; akaandika la kwaya, jina langu, mimi nisiyejua hata kuimba.

"Nani anasoma haya?" nikamwuliza.

"Yeyote, baba."

"Yeyote wa Tanga?"

"Yeyote wa popote."

"Na tukitaka kujua nani amesoma?"

"Hatuwezi."

Nilikaa na hilo siku nzima. Kitabu cha simu tulikichapa sisi, na aliyekifunua pale posta ulimwona uso wake. Hiki ni kitabu cha namna gani ambacho anayekifunua haonekani? Nilimwuliza Rehema kwa nini kimewekwa. Akasema ni ili mtu akiibiwa mtandaoni ajue amwendee nani, na fundi akiona hitilafu ajue ampigie nani. Hiyo ilikuwa sababu nzuri. Ningekuwa na akili moja ningeridhika. Nilikuwa na mbili, na zilikuwa hazisikilizani.

Baada ya wiki chache nikafungua sanduku langu la posta nikakuta limejaa bahasha zinazofanana. Zote zimeandikwa Ndugu Hoza. Zote zinatoka kampuni moja ya Dar iliyoanza usajili baada ya soko kufunguliwa. Ndani zote zinasema: jina lako linakaribia kwisha muda, hamia kwetu, bei yetu ni nafuu, kwa wakala wako wa sasa huna uhakika. Wakala wangu wa sasa ni mimi. Nilizisoma zote nikidhani labda ya mwisho itaeleza. Haikueleza. Nikapiga simu, nikaunganishwa na Mkurugenzi wa Masoko, kijana kwa sauti.

"Shikamoo mzee. Umepata barua yetu?"

"Marahaba. Nimepata barua zenu. Mnanishauri nijihame."

"Samahani?"

"Wateja hao ni wangu. Mmejuaje wangu wanakwisha lini?"

"Mzee, hiyo ni habari ya wazi. Hatujaiba. Tunatazama nani anakaribia kwisha, tunamwandikia. Ni ushindani. Nchi imefunguliwa."

"Zamani mwenye duka akitaka mteja wangu alipika chapati nzuri kuliko zangu. Hakuchungulia dirishani kwangu kuhesabu sufuria."

"Dirisha halina pazia, mzee. Hatukulifungua sisi." Kisha akaongeza, "Lakini niulize. Inakuwaje Tanga nzima ni ya mtu mmoja?"

Sikulipenda swali lile, na ubaya wake ukaonekana. Aligundua kwamba barua zake zote haziwezi kumfikia mteja yeyote, maana zote zinakuja kwangu. Hisani yangu ilikuwa ukuta bila mimi kukusudia. Akapeleka mashtaka, kwamba mzee mmoja wa Tanga ameteka majina ya watu na kuua ushindani. Meneja wa Usajili, mkubwa wa ile ofisi inayosimamia majina yote ya nchi, akanipigia mwenyewe.

"Mzee Hoza, kanuni inataka mwenye jina awe mwenye jina."

"Ndiyo maana nikaandika mwenye sanduku."

"Sanduku si suala. Huyu wa sabuni ya Kikuba, kwa mfano. Tuna malalamiko. Mnunuzi wa nje alitaka kuagiza sabuni nyingi, akatazama hu-izi ajue anamlipa nani, akakuta fundi wa simu mwanamume, sanduku moja na hoteli na kwaya. Akasema huyu ni tapeli. Wewe ni tapeli?"

"Unipime kwa macho, usinipime kwa karatasi."

"Siwezi kukupima kwa macho, mzee, niko Dar. Nakupa mwezi huu. Uandike wenyewe kwa majina yao, pahala pao na simu zao. La sivyo yale majina tunayaachia, atakayewahi ayachukue."

"Na asiyetaka kuonekana?"

Alifikiri. Nampa haki yake, alifikiri. "Hatuna kisanduku cha hilo kwenye fomu," akasema.

Nilichukua baiskeli nikazunguka kwa wateja. Mwenye nyumba ya wageni alisema niandike la mkewe, kwa sababu yeye ni mtumishi wa umma. Mkewe akasema niandike la dada yake. Wafugaji wa vipepeo waligombana simu ya nani iandikwe, na mwisho ikaandikwa ya yule ambaye nyumba yake iko kilimani mahali mtandao unashika, mtu aliyekuwa hata hafugi vipepeo. Mwalimu mkuu wa Pongwe alisimama wima akataja jina lake kama yuko gwaride. Wote nikawaandika. Akabaki Bi Raya.

Nilimkuta anamimina sabuni kwenye vifremu vya mbao. Nikamweleza yote mawili: akijiandika, anaonekana; asipojiandika, jina linakwenda, na yule mnunuzi mkubwa hatarudi. Alimimina mpaka sufuria ikaisha.

"Baba Hoza, hapana njia ya katikati?"

"Nimeitafuta. Fomu haina kisanduku."

"Basi niache nifikiri. Kuna siku ngapi?"

"Mpaka mwezi uandame."

Kabla haujaandama, mtu aliingia kibandani kwangu asubuhi, kanzu safi, kofia ya kufuma, karatasi mkononi. Alinisalimia vizuri, kwa adabu ya Kipemba, akauliza habari za nyumbani moja baada ya moja. Kisha akanikunjulia karatasi. Ilikuwa ni hu-izi iliyochapishwa. Sabuni ya Kikuba: Hoza, Barabara ya Kumi na Mbili.

"Mie Faki, natoka Wete. Mpwa wangu yuko Maskati kaona picha ya hii sabuni. Huu ukindu hivi hausukwi ila na watu wa nyumba ya mkwe wangu. Nimekuja kuuliza kwa wema. Raya umemuoa wewe?"

Nilikuwa nimetumikia laini miaka yote ile na sikuwahi kuulizwa swali kama hilo. "Sijamuoa mtu. Nina mke, na mmoja ananitosha. Muulize jirani yeyote, sauti yake inafika."

Hakucheka. "Sabuni ya nani?"

"Yangu. Karatasi inasemaje?"

"Inasema yako."

"Basi."

"Na huu ukindu nani kasuka?"

"Nanunua sokoni."

Aliikunja karatasi polepole. "Mzee, mie nina mwanangu. Mara ya mwisho kumuona alikuwa hajang'oka meno ya mbele. Sina chengine nilichokuja kutafuta." Akasema amepanga nyumba ya wageni karibu na soko na atangoja mashua ya kurudi. Akatoka.

Sikungoja. Nilimwambia Rehema ashike kibanda, nikapanda baiskeli yangu, nikaenda Pongwe bila kupumzika hata pale kwenye kilima. Bi Raya alikuwa ndani, Salma akianua nguo uani. Nikamwambia Faki amekuja, karatasi anayo, na mimi nimemwambia sabuni ni yangu. Nilitegemea atashukuru.

"Kazeeka?" akauliza.

"Kama sisi wote."

"Alikuja na mamaake?"

"Peke yake."

"Alisema mtoto, au alisema Salma?"

"Alisema mwanangu."

Akakaa juu ya kibao cha mbuzi. Nikamwambia anaweza kwenda Muheza kwa dada yangu mpaka Faki aondoke. Akatikisa kichwa. "Niende Muheza, halafu niende wapi? Lushoto? Huyu mtoto ana skuli."

Asubuhi alikuja kibandani, amevaa buibui, amemshika Salma mkono, Salma na sare zake. Alikuwa na haraka kama mtu anayekwenda kuchota maji kabla hayajakatika.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Raya binti Hamad. Pongwe. Simu yangu hii."

"Bi Raya, yule yuko mjini hapa, mwendo wa kutema mate."

"Ndiyo naandikwa leo. Nikijificha na sabuni wananiita tapeli. Nikijificha na mtoto wataniita mwizi. Huyu sikumuiba, nimemzaa."

Rehema alinitazama. Nikamwambia aandike. Aliandika, akatuma, tukangoja, kisha akafungua hu-izi na jina likatokea, Raya, peke yake, bila Hoza. Bi Raya hajui kusoma haraka. Alilifuata kwa kidole kwenye kioo mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Sasa mwite."

Faki alikuja na hatua fupi. Alipomwona Salma alisimama mlangoni, akashika mwimo. Salma akasema, "Shikamoo," kama anavyomwambia kila mtu mzima.

"Marahaba. Umekuwa mrefu."

"Eee."

"Skuli unasoma?"

"La nne."

Nilisema kimoyomoyo kwamba amenifikia. Faki akamgeukia Raya. "Mama kaniagiza nisirudi bila yeye."

"Mamaako nitamjibu mimi. Wewe umeagizwa, au umetaka?"

"Nimeagizwa na nimetaka."

"Kutaka hakukatazwi. Twende kwa sheikh, akae katikati, mtoto asikie. Mie nimeandikwa mule kwenye kioo, sina pa kukimbilia tena. Na wewe usiwe na pa kukimbizia."

Walikwenda kwa sheikh wa kata, mimi nikiwa shahidi. Maneno yalikuwa mengi na Faki alipandisha sauti, na mara moja alisimama akataka kuondoka na Salma hapohapo. Sheikh alimwambia akae, akamwuliza mtoto. Salma alisema anataka skuli yake ya Pongwe, na likizo anataka kumwona bibi ambaye hamkumbuki. Ikaandikwa hivyo. Likizo ya kwanza alivuka, na Bi Raya alikuja kibandani kila siku akakaa kwenye benchi bila kazi yoyote, mpaka mtoto alipoteremka gatini na kikapu cha mabungo. Alirudi, na kila likizo alirudi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa. Niliendelea na kazi ya majina mpaka macho yakakataa, nikamwachia Rehema kibanda. Yule wa Dar alichukua nusu ya wateja wangu, kwa kuwa sasa barua zake ziliwafikia. Nusu nyingine walibaki kwa sababu nilikuwa nawafuata kwa baiskeli. Siku hizi Rehema ananiambia hu-izi imefunikwa. Ukiuliza nani huyu, inakujibu amefichwa kwa ajili ya faragha yake. Nikamwambia ni vizuri. Akasema, "Vizuri nini, baba? Juzi mtu ameiga jina la duka la mteja wangu, anawala watu fedha, na siwezi kujua ni nani." Kwa hiyo ikiwa wazi anayewindwa anawindwa, na ikifungwa mwizi analala usingizi. Nimestaafu nalo swali hilo. Waliosoma wakiulizwa wanasema ni suala la mizani. Mizani naijua, nimepimia shaba. Mizani ina mawe, na mawe ya hili sijawahi kuonyeshwa.

Salma sasa ni mama mtu, ndiye anayeendesha Kikuba. Mwezi uliopita alikuja kunitazama, maana miguu inanisumbua, tukawa tunazungumza habari za zamani. Nikamsimulia jinsi nilivyomkabili baba yake kwa uso mkavu nikamwambia sabuni ni yangu, na jinsi alivyoniamini akaondoka.

"Babu, hakukuamini," akasema.

"Aliikunja karatasi akaondoka. Nilikuwapo."

"Alikwishakodi baiskeli sokoni kabla hajaja kwako, akakungoja kwenye kona. Ulipotoka akakufuata. Kaniambia mwenyewe, kasema ulikuwa unakanyaga kama kijana, hukugeuka nyuma hata mara moja."

"Mpaka Pongwe?"

"Mpaka kwenye michongoma ya jirani. Aliniona naanua nguo."

Nilimtazama. Basi siku nzima ile na usiku wake wote, kabla Bi Raya hajaandikwa popote, yule mtu alikwishajua nyumba, ua na mtoto. Na aliyempeleka hakuwa kompyuta wala hu-izi wala mkurugenzi wa Dar.

"Sasa mbona hakuingia?" nikauliza. "Mtoto uko peke yako uani, yeye baba yako, njia nyeupe. Mbona hakuingia?"

"Nilimwuliza hivyohivyo," Salma akasema. "Kasema nyumba ya mwanamke asiye na mume haibishiwi hodi na mwanamume aliye peke yake. Akageuza baiskeli akarudi kungoja aitwe."